Swali nililoona aibu kuliuliza kwa Kiswahili

Baada ya kile kipindi chetu cha kazi za ndoto na kazi za kulipa kodi ya nyumba, meseji nyingi zilizoingia zilikuwa na swali moja: nisome masta ya uandishi wa habari au nisisome? Mmoja aliuliza kutoka Leicester, mwingine Minneapolis, na mwingine yuko Muscat, ambaye baba yake amemwambia uandishi si kazi, ni ugonjwa. Niliahidi kujibu kwa maandishi. Jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu naiandika vizuri kuliko ninavyoisema kwenye maikrofoni.

Mi nilisoma. Mwaka mmoja, 2017 hadi 2018, hapa Uingereza. Chuo sitakitaja, kwa sababu ninayotaka kusema yangeweza kutokea chuo chochote. Na kabla ya kuongelea chuo, ngoja niwape habari ya neno moja.

Mwaka 2019 nilikuwa na miezi saba kwenye gazeti la mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Asubuhi moja ya Novemba ikaja taarifa kwamba kijana mmoja, mtu wa Kigoma, amegongwa na gari usiku akiwa kwenye baiskeli, akipeleka chakula cha watu. Alifia hospitali, na dereva alikuwa amekimbia. Mhariri alilitazama jina, akanitazama mimi, akasema: wewe unaongea lugha yao, nenda.

Nilienda na ile furaha mbaya ambayo waandishi tunaijua na hatuisemi. Hatimaye kuna habari ambayo ofisi nzima ni mimi tu ninayeweza kuileta.

Nje ya nyumba aliyokuwa amepanga chumba nilimkuta mama mtu mzima, amejifunga kitenge juu ya koti. Nikamwamkia, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, akaitikia, na hapo hapo akaanza kulia. Tuliongea kama dakika ishirini. Ndugu yangu alikuwa hivi, ndugu yangu alikuwa vile, ndugu yangu kila Jumapili lazima aniletee mkate. Nikarudi ofisini mbio, nikaandika kwa Kiingereza kwamba dada wa marehemu anamwomba dereva ajitokeze. Kichwa cha habari kikambeba huyo "dada". Picha yake nayo ikapanda.

Mnaokijua Kiswahili vizuri mmeshashika kichwa.

Kwa ambao Kiswahili chao ni cha jikoni, kama changu kilivyokuwa: ndugu ni mtu mliyezaliwa naye, ni kweli. Lakini ndugu pia ni binamu, ni mtu wa ukoo, ni mtu wa kwenu mliyekutana naye ugenini, ni muumini mwenzio. Na Tanzania ya enzi za Mwalimu Nyerere, "Ndugu" ndo ilikuwa namna ya kumwita kila mtu, kuanzia karani mpaka waziri. Nyumbani kwetu mama alilitumia neno hilo kwa jambo moja tu: "Msigombane, nyinyi ni ndugu." Alikuwa anatusema mimi na dada yangu. Kwa hiyo kichwani mwangu lilikuwa na maana moja, na hiyo maana ndiyo niliyoichapa.

Marehemu alikuwa na kaka wa kuzaliwa. Anaishi mji mwingine, saa tatu kwa gari, na yeye ndiye aliyefungua michango ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani. Ukurasa wangu ukapigwa picha, ukaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na maswali yakaanza. Huyu dada ni nani? Mbona kaka hakumtaja? Kuna michango miwili? Nani anakula hela? Mnajua jinsi makundi yetu yalivyo. Michango ikasimama siku nne. Kigoma, baba mtu akapigiwa simu aeleze ana watoto wangapi Uingereza. Hebu fikiria mzee aliyefiwa na mtoto juzi anaulizwa swali hilo.

Nilirudi kwa yule mama kuomba radhi. Hakunifokea, na nadhani ingekuwa nafuu kama angenifokea. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikwambia ndugu yangu. Sikukwambia tumetoka tumbo moja."

Gazeti lilichapa masahihisho. Mistari miwili, ukurasa wa ndani.

Sasa turudi chuoni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naisimulia habari hii nikisema: mnaona, masta yangu haikunifundisha neno "ndugu". Watu wanacheka, mi natoka safi. Lakini si kweli, na ndiyo sababu naandika.

Chuo kilinifundisha. Wiki ya pili tu, mwalimu wetu, mama mmoja aliyefanya kazi kwenye magazeti miaka thelathini, alitufundisha kwamba ukimhoji mtu baada ya kifo unauliza jina, unamwomba alitaje herufi kwa herufi, unauliza umri, halafu unauliza: wewe na marehemu mlikuwa nani kwa nani? Hata kama ameshasema. Hata kama unaona ni wazi. Ningekuwa naongea Kiingereza na yule mama, swali hilo ningeliuliza bila kufikiri. Kwa Kiswahili niliona aibu. Nimezaliwa hapa, lafudhi yangu inanisaliti, na nilitaka sana yule mama anione kama mtoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani haulizi ndugu maana yake nini. Nikajifanya najua.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama vyuo vinawaandaa waandishi kwa mabadiliko, siwezi kujibu bila kuikumbuka siku ile. Vyuo vinapenda sana neno hilo "mabadiliko", limejaa kwenye vipeperushi vyao. Mara nyingi wanamaanisha zana. Na zana, jamani, zinaoza haraka.

Muhula wangu wa kwanza tulifundishwa Storify, kifaa cha kukusanya twiti za watu na kuzipanga ziwe habari. Desemba wenyewe wakatangaza kwamba wanafunga, na Mei 2018 ikazimwa, kabla sijakabidhi kazi yangu ya mwisho. Tulifundishwa pia kutengeneza video fupi za Facebook zenye maandishi makubwa, kwa ajili ya watu wanaotazama bila sauti kwenye basi. Wakati huo vyumba vya habari kadhaa vya Marekani vilikuwa vimeshaachisha waandishi kazi ili viajiri watu wa video, ingawa mwaka 2016 Facebook ilikuwa imekiri kwamba ilikosea hesabu: wastani wa muda ambao watu hutazama video ulikuwa umeonyeshwa mkubwa kuliko ukweli. Januari 2018 ikabadilisha tena mpangilio wake na kuzipunguzia habari nafasi. Somo zima likazeeka katikati ya muhula. Mwalimu wa somo hilo aliingia darasani akatuambia tusahau slaidi za wiki iliyopita. Angalau alikuwa mkweli. Zana nyingine niliyojifunza baadaye kazini, CrowdTangle, iliyokuwa inaonyesha ni habari gani inasambaa kwenye Facebook, ilifungwa na Meta Agosti 2024.

Kilichobaki ni vitu vya kizee. Hatimkato, kwa mfano. Mfumo wanaoutumia waandishi wengi hapa unaitwa Teeline, na lengo ni maneno 100 kwa dakika. Nililia kwa ajili ya Teeline, kweli kabisa. Nilidhani ni upuuzi wa karne iliyopita mpaka siku ya kwanza mahakamani. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kurekodi sauti mahakamani bila ruhusa ya mahakama, na kupiga picha kulishakatazwa tangu 1925. Simu yako ya pauni elfu moja pale ndani ni jiwe. Unabaki na kalamu.

(Msijaribu Teeline kwa Kiswahili. Inaacha irabu nyingi ili uende haraka. Kiingereza kinavumilia. Kwetu sisi babu na bubu wanakuwa mtu mmoja.)

Sheria nayo imebaki: nini ni kashfa, nini kinaweza kuharibu kesi inayoendelea, nani haruhusiwi kutajwa jina. Na lile swali la mwalimu wangu limebaki, ingawa nililipia ada mara mbili, mara ya kwanza kwa pesa.

Kuna historia moja ambayo hakuna aliyetufundisha darasani, nimeisoma mwenyewe baadaye, na nadhani inatuhusu sisi watoto wa lugha mbili kuliko mtu yeyote. Joseph Pulitzer, yule ambaye tuzo zinaitwa kwa jina lake, alizaliwa Hungary mwaka 1847. Alifika Marekani mwaka 1864 akiwa kijana asiye na Kiingereza cha maana, akapigana kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, halafu akapata kazi yake ya kwanza ya uandishi huko St. Louis, kwenye gazeti la Kijerumani, Westliche Post. Yaani kwenye gazeti la wahamiaji, kwa lugha ya wahamiaji. Miaka mingi baadaye, tajiri na kipofu, ndiye aliyetoa dola milioni 2 kwa Chuo Kikuu cha Columbia ili kianzishe shule ya uandishi wa habari. Ilifunguliwa mwaka 1912, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na tangu 1935 inafundisha watu wenye shahada ya kwanza tayari.

Ilipokuwa inapangwa, rais wa Harvard wa wakati huo, Charles Eliot, alipendekeza wanafunzi wafundishwe pia upande wa biashara ya gazeti: matangazo, usambazaji, hesabu. Pulitzer alikataa. Mwaka 1904 aliandika makala ndefu kuitetea shule yake, na msimamo wake ulikuwa kwamba kazi ya shule ni kumjenga mwandishi, si kumfundisha kuuza. Nampenda kwa hilo, lakini nadhani ametuponza. Vizazi vya waandishi vilitoka vyuoni vikijua kuandika habari na bila kujua nani analipa mshahara wao, na yule anayelipa alipoanza kuondoka, walikuwa wa mwisho kujua.

Hapa Uingereza mambo yalianza baadaye, na yana njia inayopita Nairobi. Kozi ya kwanza ya uzamili ya uandishi wa habari nchini humu ilianzishwa Cardiff mwaka 1970 na Tom Hopkinson. Huyu mzee aliwahi kuwa mhariri wa jarida la picha la Picture Post, akapoteza kazi mwaka 1950 baada ya mmiliki kukataa habari kuhusu wafungwa walioteswa Korea Kusini. Akaenda Afrika Kusini kuhariri Drum. Kisha miaka ya 1960 alikuwa Nairobi, akiendesha mafunzo ya Taasisi ya Kimataifa ya Habari, IPI, kwa waandishi wa Kiafrika. Nchi zilikuwa zinapata uhuru, magazeti yaliyokuwa mikononi mwa Wazungu yalihitaji waandishi na wahariri Waafrika, na yaliwahitaji jana. Nairobi kwanza, Cardiff baadaye. Mwanafunzi wa leo wa Kikenya anayelipa maelfu ya pauni kuja kusoma Wales labda angependa kujua hilo.

Mafunzo yale ya Nairobi ndiyo mfano wangu wa shule iliyojengwa kwa ajili ya mabadiliko ya kweli. Swali lao halikuwa tutumie mashine gani. Lilikuwa nani anakaa kwenye kiti cha mhariri, na anaandika kwa ajili ya nani.

Tuje kwa wenye viti, basi. Mhariri wangu aliyenituma Novemba ile alikuwa ripota hodari aliyepandishwa cheo kwa sababu alikuwa ripota hodari. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuongoza watu. Habari yangu ya "dada" ilipita mikononi mwake na kwa mhariri msanifu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namna ya kuihakiki, maana nukuu zote zilitoka kwenye rekodi ya Kiswahili ambayo niliisikiliza mimi tu. Kila mtu aliniamini kwa sababu ya sura yangu. Kwa Kiingereza wasingefanya hivyo. Wangeuliza: una uhakika ni dada yake? Nani mwingine amethibitisha?

Si wao tu. Mwaka 2014 ripoti ya ndani ya New York Times ilivuja, kurasa 96, na vyuo vingi bado vinaifundisha. Ilionyesha kwamba wageni wa ukurasa wao wa mbele mtandaoni walipungua kwa nusu katika miaka miwili, na kwamba viongozi wa chumba cha habari, watu mahiri kabisa, walikuwa wamejikita kwenye gazeti la karatasi la kesho wakati wasomaji wameshahamia kwenye simu. Watu wenye akili nyingi, ila walilelewa kwa kazi moja wakakuta ni nyingine.

Ndo maana zimeanza kozi za wakubwa. Shule ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, ilifunguliwa mwaka 2006 kwenye jengo lililowahi kuwa la gazeti la New York Herald Tribune, gazeti lililokufa mwaka 1966, sijui kama waliona kejeli yake. Shule hiyo ina mafunzo ya uongozi kwa wahariri walioko kazini, na inafundisha pia kuanzisha na kuendesha chombo chako mwenyewe. Ile biashara aliyoikataa Pulitzer imeingia kwa mlango wa mbele. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina shahada ya uzamili ya uongozi wa vyombo vya habari kwa watu walioko kazini.

Mhariri wangu alikwenda kozi fupi ya namna hiyo, wikiendi kadhaa, mapema mwaka 2020. Nilitegemea arudi na maneno makubwa. Alirudi na karatasi moja. Juu ameandika: mahojiano yoyote yasiyo ya Kiingereza yasikilizwe na mtu wa pili anayejua lugha hiyo kabla ya kuchapwa, kama hayupo ofisini, atafutwe na alipwe. Chini yake maswali matano, la kwanza likiwa lile la mwalimu wangu. Aliniambia kwamba kule kozini waliambiwa kila mtu alete kosa moja lililotokea chini ya uongozi wake, na aeleze ni kitu gani kwenye mpangilio wa kazi kilichoruhusu litokee, bila kumtaja aliyekosea. Yeye alipeleka kosa langu. Nilitaka kuzama ardhini, halafu nikafikiri: hii ndiyo mara ya kwanza mtu analichukulia kosa hili kama la ofisi.

Karatasi ile ilifanya kazi wiki chache. Korona ikaja, matangazo yakakauka, kampuni ikapunguza watu. Mimi na yeye tulikuwa kwenye orodha moja.

Na hilo ndilo badiliko ambalo masta yangu kweli haikuligusa. Tulifundishwa hadhira inavyohama. Hatukufundishwa kusoma hesabu za kampuni inayotuajiri. Na hata pesa za serikali si mwamba. BBC walianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, na wengi wetu tumekua tukiambiwa "nyamaza, baba anasikiliza taarifa". Septemba 2022 idhaa ya dunia ya BBC ilitangaza kufuta nafasi za kazi 382, na redio yao ya Kiarabu ikanyamaza Januari 2023 baada ya miaka 85. Machi 2025 ilikuwa zamu ya Sauti ya Amerika: zaidi ya wafanyakazi elfu moja waliwekwa likizo kwa mkupuo, idhaa ya Kiswahili ikiwemo. Mjomba wangu aliyeko Ohio alidhani redio yake imeharibika.

Mtaniuliza kuhusu akili mnemba, najua. Vyuo vyote sasa vina somo lake. Mwishoni mwa 2022 tovuti ya CNET ilianza kujaribu kuchapa makala, zikafika 77, za mambo ya fedha zilizoandikwa na mashine, na ikalazimika kutoa masahihisho kwenye 41. Somo zuri hilo, na linafundishwa. Lakini mimi nilikuwa na jaribio langu. Ile rekodi ya yule mama ninayo mpaka leo. Mwaka jana niliiweka kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi na kutafsiri, mojawapo ya zile zilizofunzwa kwa saa malaki za sauti ambazo sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Ikaandika, kila mahali, "kaka yangu". Mi niliandika dada wa marehemu, mashine ikaandika kaka yake. Tumekosea sawasawa, yeye na mimi, kwa sababu ile ile: Kiingereza kinadai ndugu awe wa kuzaliwa, na sisi wote wawili tulikuwa tunafikiri kwa Kiingereza. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni, na ningeweza kuuliza.

Haya, nisome au nisisome?

Kwanza pesa, maana naona watu wanaona haya kuzitaja. Columbia, ukijumlisha ada, nyumba na chakula, mwaka unapita dola 100,000. Kwa mshahara wa ripota anayeanza, mi siwezi kumshauri mtoto wa mtu achukue deni hilo. CUNY ni habari nyingine: mwaka 2024 Craig Newmark, ambaye shule inaitwa kwa jina lake, aliongeza dola milioni 10 na shule ikatangaza lengo la kufuta ada kwa wanafunzi wote ifikapo 2027. Wewe wa Minneapolis, anza hapo. Tena tangu 2016 wana programu ya lugha mbili kwa Kihispania, yaani kuna mtu kwenye jengo lile anayeelewa kwamba lugha ya pili ya mwandishi ni nyenzo ya kazi na inahitaji mafunzo yake. Kiswahili hakimo. Muulizeni hata hivyo.

England kuna mkopo wa serikali wa uzamili, ulioanza mwaka 2016 ukiwa pauni 10,000. Mi niliuchukua. Una riba, na najua kwa baadhi yenu mjadala unaishia hapo. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua njia ya mkopo usio na riba kwa wanafunzi Waislamu, halafu miaka ikapita mkopo wenyewe hauonekani, na watu ninaowajua wameacha kusoma kwa sababu hiyo. Kuna mfuko wa NCTJ, unaitwa Journalism Diversity Fund, uko tangu 2005, unawalipia ada watu wa asili tofauti wasio na uwezo kwenye kozi wanazozitambua. Huo si mkopo. Niliusikia nikiwa nimeshamaliza, nawaambia ili msiwe kama mimi. Na kuna uanagenzi, BBC na magazeti ya mikoani, unalipwa huku unajifunza. Kama ungeniuliza leo, ningeanza na huo.

Ukiamua chuo, usiulize wana studio ngapi. Uliza wanafunzi wanakwenda mahakamani mara ngapi. Uliza walimu waliacha lini kufanya kazi ya habari, na waliohitimu mwaka juzi wako wapi, si wale watatu walioko kwenye picha za tovuti. Uliza kama unaweza kufanya kazi yako ya mwisho kwa Kiswahili, na nani ataisahihisha. Mimi niliuliza, wakasema sawa, ilimradi nilete tafsiri. Tafsiri hiyo niliiandika mwenyewe na hakuna aliyeihakiki. Nilipata alama nzuri.

Wewe wa Muscat, baba yako hajakosea sana, lakini mwonyeshe ile ya Nairobi.

Yule mama bado tunaongea. Kijana alizikwa Kigoma, michango ilitimia, na kaka yake alinipigia mara moja, mazungumzo mafupi ambayo yatabaki yetu. Mhariri wangu sasa anafundisha, siku mbili kwa wiki. Ile karatasi yake niliondoka nayo, na ndiyo tunayoitumia kwenye podikasti hii: mahojiano yoyote ya Kiswahili yanasikilizwa na mtu wa pili kabla hatujagusa chochote. Kwa sasa mtu wa pili ni mama yangu mzazi. Anasikiliza akiwa anapika, anasimamisha kila dakika mbili kuuliza huyu ni mtoto wa nani, na malipo yake ni kupelekwa sokoni kila Jumamosi saa mbili asubuhi, bila kuchelewa.